Mvua Moja, Baba Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Bahati kama yangu ingekuwa inauzwa, watu wangepanga foleni tangu alfajiri na isingewatosha. Naandika haya ili wajukuu wangu wasije wakadanganywa na majirani. Leo watu wa filamu walikuwa wanapita zao tu barabarani. Gari likapunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, wakashuka, wakachungulia getini, mmoja akajishika kichwa akasema, "Hii hapa! Tumezunguka mji mzima, kumbe iko hapa!" Mtaa huu una nyumba za rangi mpya, zina maua, moja ina sanamu ya simba. Wakamwacha simba na maua yake, wakaichagua yangu. Sikuwaita. Sikuwapungia hata mkono. Nilikuwa nimekaa zangu kibarazani nakunywa chai, kama mfalme asiye na haraka.

Mimi ni fundi wa mapaa. Katika kazi hii sina mpinzani. Paa nililoliezeka mimi halivuji, na likivuja ujue mvua ndiyo iliyokosea njia. Shule niliishia darasa la sita, lakini dunia imenisomesha: nimefika miji saba, nimelala hoteli yenye lifti, na ndege nimepanda. (Ilikuwa imeegeshwa, nilikuwa naziba paa la karakana yake. Lakini nilikaa kwenye kiti, na mkanda nilifunga.)

Filamu ni ya kuchekesha. Inamhusu baba mmoja, meneja wa duka la vitanda, anayewauzia watu usingizi na yeye mwenyewe halali. Bosi anamvuta huku, mke na mtoto wanamvuta kule, na kila asubuhi anaapa kwamba leo atarudi mapema. Watapiga picha kwetu wiki mbili tu.

Nilipomwambia mke wangu, hakurukaruka kama nilivyotegemea.

"Wiki mbili?"

"Mbili tu. Ukifumba na kufumbua wameondoka."

"Na meza yangu?"

Mke wangu amerudi shule akiwa mtu mzima, na anataka kwenda chuo cha uuguzi. Mwaka jana alifaulu masomo yote isipokuwa biolojia, kwa sababu usiku wa kuamkia mtihani mimi nilileta rafiki zangu kumi na mmoja kutazama mpira. Tulishinda. Tuliimba mpaka majogoo. Asubuhi yake akasinzia juu ya karatasi ya maswali. Anarudia somo hilo tarehe 12 Mei, na amesema akianguka tena, anarudi kufua nguo za watu na neno shule lisitajwe tena humu ndani. Nilimwapia mbele ya mtoto: meza ya sebuleni ni yake, na kimya ni chake, mpaka mtihani upite.

"Meza ni yako," nikamwambia. "Watu wa filamu wana meza zao."

Hawana. Wanaitaka hiyo hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja arobaini kasoro mmoja, na nyaya kama matumbo ya tembo. Mkubwa wao ni mwongozaji, bwana mwembamba anayezungumza kwa mikono kama anafukuza nzi. Mwigizaji mkuu ndiye baba wa kwenye filamu. Nimempa jina la Baba wa Bandia, kwa siri kwanza, ila binti yangu ameshalitangaza. Huyu binti ana miaka tisa na tunamwita Hakimu, kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu.

Halafu yuko dada mmoja mwenye kamera ndogo shingoni na daftari mkononi. Kazi yake ni kukumbuka. Amepiga picha kila kitu: vikombe, pazia, doa la chai kwenye mkeka, hata kandambili zangu.

"Filamu haipigwi kwa mpangilio, kaka," alinieleza. "Leo tunapiga mwisho, keshokutwa mwanzo. Mtu akitoka jikoni na kikombe chekundu leo, akiingia sebuleni wiki ijayo kiwe hicho hicho. Kwa hiyo kitu kikishaonekana, usiguse."

Nikanyoosha mkono nichukue kandambili. "Usiguse!" Nikataka kufunga dirisha. "Usiguse!" Mpaka saa sita hakuna aliyelikumbuka jina lake la kuzaliwa. Ni Dada Usiguse.

Saa ya ukutani ameisimamisha kwenye saa moja na dakika kumi. Pembeni yake mke wangu alikuwa amebandika kadi yake ya mtihani, ile yenye picha, namba na muhuri, ili aione kila akiinua macho. Nayo imeonekana kwenye picha. Nayo haiguswi.

"Sasa kadi yangu inaigiza," mke wangu akasema. "Haya. Na mimi nikakae wapi?"

Tumehamia vyumba viwili vya uani. Meza yake kwa sasa ni bati nililolilaza juu ya makopo mawili ya lami. Imara kabisa, mimi mwenyewe nimeipima kwa kuikalia.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua za msimu zimeanza. Zikipiga mabati, ndani husikii hata mawazo yako. Mtu wa sauti akavua vifaa vya masikioni akasema kazi haiwezekani. Watu thelathini na tisa wakakaa wakanywa chai yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hawakupiga picha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ikapumzika, wakawasha kamera. Baba wa Bandia amekaa kwenye kiti changu, anamwambia mke wake wa kwenye filamu, "Kesho nitarudi mapema, haki ya nani," na hapo hapo tone moja kubwa likatoka paani likamtua katikati ya kichwa. Tii! Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwongozaji akaruka kama aliyeumwa na siafu: "Hiyo! Hiyo ibaki! Anaahidi mambo na nyumba inamvujia kichwani!"

Nilishika ngazi nikazibe mara moja. Dada Usiguse akanizuia mlangoni. Tundu limeshaonekana.

Hakimu akaniangalia kutoka chini hadi juu. "Baba, si ulisema paa la fundi halivuji?"

"Halivuji. Linapumua."

"Linapumua maji?"

Mtoto huyu akikua atanifunga.

Jumatatu, 17 Machi

Wiki mbili zilikuwa ziishe leo kwa hesabu niliyompa mke wangu. Mwongozaji anasema mvua imemla siku saba, anaomba tatu zaidi.

"Siku tatu?" mke wangu akauliza.

"Wiki tatu," nikasema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Akahamisha kitabu chake, maana kopo moja la lami lilikuwa limeanza kuzama upande.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimepewa cheo. Mwongozaji ameniita mshauri wake wa mambo ya familia! Nina kiti changu cha turubai, cha kukunja. Alitaka kujua baba wa kawaida huingiaje nyumbani jioni. Nikamwonyesha: nikafungua mlango kwa upole, nikavua kofia, nikasema, "Mpenzi, pole na kazi. Mwanangu, njoo tusome."

Hakimu alikuwa dirishani. "Si kweli! Baba huingia anapiga mluzi, halafu anasema 'Nani amehamisha rimoti?' Halafu analala na viatu."

Mwongozaji akaandika yote. Baba wa Bandia akajaribu mluzi. Akaupatia mara ya kwanza, na watu wakanigeukia mimi wakacheka. Nikacheka pia, kwa nguvu kuliko wote, ili ijulikane nimo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Simu yangu haipoi. Msimu huu ndio mapaa ya mji mzima hukumbuka kwamba mimi niko hai. Mzee mmoja wa sauti nzito, kama anaongea kutoka ndani ya pipa, amepiga mara sita. "Fundi, sebuleni kwangu kuna beseni nne!" Mara ya saba nikabana pua nikasema mimi ni katibu wa fundi, na fundi amesafiri nje.

Siwezi kuondoka. Mshauri akiondoka, familia itaigizwa na nani?

Jumatano, 26 Machi

Makubwa leo. Walikuwa katikati ya kupiga picha, kimya cha kaburini, mlango ukafunguka akaingia mke wangu na mwavuli unaochuruzika. Kitabu chake cha maswali kilikuwa kwenye kabati la vyombo tangu tarehe sita.

"Usiguse," Dada Usiguse akanong'ona.

Nilimwona mke wangu anavuta pumzi. Nimeishi naye miaka kumi na miwili, pumzi ile naijua. Nikajikunyata kwenye kiti changu cha turubai.

"Nimeguswa mimi," akasema. "Hakuna aliyesema usiguse. Humu ndani nimekuwa kama mgeni anayejua choo kilipo. Nasoma juu ya bati. Mvua ikinyesha bati linalia juu, nami naandika juu ya jingine. Na wewe," hapo akanigeukia mimi, "mwenzako wa kwenye filamu kazi inamwita na nyumba inamwita, ndiyo maana anachanganyikiwa. Wewe vyote vinakuita, na umekaa tu kwenye kiti cha watu!"

Akafungua kabati, akachukua kitabu chake, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Mwongozaji alikuwa anaandika kama mtu anayefukuzwa. "Mgeni anayejua choo kilipo," akarudia polepole. "Mama huyu ana dhahabu mdomoni."

Mchana mke wa kwenye filamu akayasema maneno yale yale mbele ya kamera. Mke wangu aliyasikia kutoka uani. Akachungulia dirishani akamwambia, "Mwenzangu, usiyaseme ukiwa na huzuni. Yaseme kama umechoka." Wakarudia. Yakawa mazuri sana. Nilikosa pa kuweka uso.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Nilimnunulia mwavuli mpya. Akasema asante, akauliza pazia la chumba cha uani nitaliweka lini.

Jumatano, 9 Aprili

Hili naliandika kwa hasira, kwa hiyo herufi zinisamehe. Nimetoka mbele, nimekwenda uani kuomba chumvi, nimemkuta Baba wa Bandia amekaa juu ya kopo la lami, kitabu cha mke wangu mkononi, anamwuliza maswali!

"Chumba cha juu kulia cha moyo kinapokea damu kutoka wapi?"

"Kutoka mwilini," mke wangu akajibu.

"Na kushoto?"

"Kwenye mapafu."

"Safi sana, mama. Tuendelee?"

Na amevaa shati na tai nyekundu ya filamu. Ukipita njiani ungeapa huyo ndiye mume.

"Shemeji," nikamwambia, "huko mbele wanakutafuta." Hawakuwa wanamtafuta. Akaondoka kwa adabu zote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Amenikuta nasoma peke yangu akajitolea," mke wangu akasema. "Kuna ubaya?"

"Hakuna. Lakini na mimi si nipo? Nipe hicho kitabu, nikuulize mimi."

Akanipa. Nikafungua. Maneno marefu kama treni ya mizigo. Nikasoma la kwanza nikakwama behewa la pili. Akanisubiri. Angenicheka ningeona afadhali. Nikafunga kitabu nikasema mwanga humu ndani mbaya, nitakuja kuweka balbu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeweka balbu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeazima kitabu kwa siri na nimemwajiri Hakimu kunisomesha, kila siku akitoka shule, kwa sharti kwamba asimwambie mama yake. Mshahara wake ni kukaa kwenye kiti changu cha turubai.

"Rudia, baba."

"Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu vinapokea, viwili vya chini vinasukuma."

"Na milango?"

"Hufunguka upande mmoja, damu isirudi ilikotoka."

"Safi. Kidogo kidogo unaelewa." Ananiambia hivyo mimi niliyemfundisha kushika kijiko!

Ila nimeshangaa. Vyumba vinne ni kama nyumba yetu kabisa, tofauti ni kwamba huko hakuna wapiga picha.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hawakupiga picha. Wiki tatu zimeshapita, mwongozaji ameacha kuhesabu. Mzee wa pipa sasa ana beseni sita.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimwomba Baba wa Bandia msamaha kwa kumnunia. Alishangaa, hakuwa amegundua kwamba nimemnunia, na nilikuwa nimejitahidi sana. Akaniambia ana watoto watatu, yuko mbali nao mwezi wa pili sasa, na wa mwisho amejifunza kusema "baba" kwa simu, ila anaiambia simu yenyewe, hata ikiwa imezimwa. "Nikimuuliza mkeo maswali," akasema, "nakuwa kama niko kwangu."

Mtu mzuri. Nimemwongezea sukari kwenye chai.

Jumatatu, 5 Mei

Siku kubwa maishani mwangu!

Katika kipande cha mwisho cha filamu, baba wa vitanda anaacha mkutano wa bosi, anakimbia nyumbani mvuani, kiatu kimoja kinabaki njiani, anapanda juu ya paa kuziba tundu kwa mikono yake. Leo Baba wa Bandia amepanda ngazi vidato vitatu, akaikumbatia kama mama yake, akagoma. Urefu haupatani naye. Mwongozaji akazunguka akitafuta mtu wa kupanda badala yake, aonekane mgongo tu, macho yakatua kwangu.

"Fundi. Wewe mgongo wako ni kama wake."

Nimeambiwa mengi maishani, hakuna lililonipendeza kama hilo. Kichwa kilivimba, kofia ikakataa kuingia.

Ni katika furaha hiyo hiyo Dada Usiguse aliponishika mkono. Huyu dada nilimdhania hana moyo, kumbe amehangaika. Ametengeneza kadi ya bandia, sawa na ya mke wangu kwa kila kitu, muhuri na karatasi yake, ila ina picha na jina la mke wa kwenye filamu.

"Kaka, hii ubandike ukutani. Ile ya kweli mpe mama, ana mtihani Jumatatu. Nisingekuachia, lakini naitwa kwenye gari."

"Dada, kwenye mambo ya makaratasi mimi sina mchezo."

Nilipanda kwenye kiti, nikabandua, nikabandika, huku mwongozaji akinieleza mgongo unavyotakiwa kuonyesha majuto. Nikaifunga kadi kwenye bahasha nyeusi ya nailoni, nikaiziba kwa gundi ya mabati ili maji yasiguse, nikamkabidhi mke wangu kwa mikono miwili.

"Na Jumatatu nitakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni," nikamwahidi.

Alitabasamu. La kwanza tangu tarehe sita Machi, nimeliandika.

Jumapili, 11 Mei

Jua kali siku nzima. Mwongozaji anatazama angani na kulaani jua. Hakuna mpira, hakuna wageni. Nyumba kimya.

Jumatatu, 12 Mei

Vidole vya mguu wa kulia siviamini tena.

Saa kumi na mbili asubuhi mbingu zilifunguka. Mvua nene, iliyonyooka, ile ambayo mwongozaji ameisubiri wiki nzima. Akaja uani amevaa koti la mvua, macho yanawaka. "Fundi! Sasa hivi! Mvua kama hii hairudi!"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli mpya na bahasha yake. Mtihani ni saa tatu kamili.

"Ulisema utanipeleka," akasema.

"Nusu saa tu, mama. Ni mgongo tu. Nitakukuta njiani."

"Sawa."

Mke wangu ana maneno mengi na yote nayamudu, isipokuwa hilo. Akafungua mwavuli akaondoka. Hakimu, aliyekuwa anafunga mkoba wa shule, akanitazama hakusema kitu. Na yeye anapokosa hukumu ujue kesi ni kubwa.

Nusu saa ya watu wa filamu ina dakika zake. Mpaka wananivisha shati jeupe, tai nyekundu na kiatu kimoja cha kushoto, ilishapita saa mbili. Nikapanda. Kamera mbili chini, moja juu ya ngazi ndefu. Mwongozaji akanguruma kwenye kipaza sauti: "Ng'oa bati, fundi! Kwa majuto!"

Nikang'oa misumari, nikainua bati. Nikachungulia tunduni.

Sebule yangu ilikuwa chini yangu, taa zimewaka, meza, vikombe, saa imesimama saa moja na dakika kumi. Na pembeni ya saa, mke wangu ananitazama.

Picha yake. Ile ya kuchukia kupigwa picha, midomo imebanwa, jicho moja dogo kuliko jingine. Naijua. Hiyo si bandia. Bandia ni ile niliyoiziba kwa gundi ya mabati nikampa kwa mikono miwili.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka niko sebuleni natiririka maji, mkono umenyooka ukutani, na sauti nyuma yangu: "Usigu..." Ikakatika. Dada Usiguse aliitazama ile kadi, akanitazama mimi, akafunika mdomo kwa daftari. Kisha akanisukuma pembeni, akaibandua kwa mkono wake mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wa kamera yake usioingia maji, akanivisha shingoni. "Kimbia, kaka!"

Nilikimbia. Kiatu kimoja mguuni, tai imeruka mgongoni kama mkia wa kishada. Nyuma nikasikia gari, nikadhani wananifuata kunisaidia. Walikuwa wanapiga picha. "Usigeuke!" mwongozaji anapiga kelele dirishani. "Mgongo! Mgongo!" Nikamjibu neno ambalo wajukuu hawatalisoma hapa.

Kwenye geti la kituo cha mtihani mke wangu alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, mwavuli umepinduka, anabishana na msimamizi mwenye koti refu. Bahasha ilikuwa imepasuliwa.

"Mama, nimekwambia, huyu kwenye picha si wewe. Na jina si lako. Saa tatu kasoro dakika nne. Tafadhali kaa pembeni."

"Mimi sijui hiyo imetoka wapi! Mume wangu ndiye..."

"Mume wake ndiye huyu hapa!" nikasema, nikaanguka magotini, si kwa heshima bali kwa utelezi. Nikatoa kadi. Kavu.

Msimamizi akaigeuza, akalinganisha uso na uso. Kisha akainua macho kwangu, tai, kiatu kimoja. Akasema kwa sauti inayotoka ndani ya pipa:

"Hii sauti naijua. Wewe si katibu wa fundi?"

Nikatafuta pa kujificha nikakumbuka niko nje. "Mzee, mimi ndiye fundi mwenyewe. Niadhibu mimi. Huyu mama hana kosa, amesoma miezi miwili juu ya bati."

"Nina beseni tisa, bwana."

"Leo hii hii. Ukitoka hapa utanikuta juu ya paa lako."

Akaangalia saa yake. Kisha akampisha mke wangu. "Ingia, mama. Kadi yako ni sahihi. Mumeo ndiye wa bandia."

Akaingia. Hakunitazama. Alipofika kwenye mlango wa chumba, nikashindwa kujizuia, nikapaza sauti: "Usiogope! Hata mimi nimeusoma! Moyo una vyumba vinne! Viwili vya juu..."

"Kimya wewe!" msimamizi akanguruma. "Neno moja zaidi namtoa nje!"

Mke wangu akageuka. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, kama mtu aliyekuta samani mpya ndani ya nyumba yake ya zamani. Kisha mlango ukafungwa, na mimi nikakaa mvuani nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, mpaka nikakumbuka beseni tisa.

Jumanne, 13 Mei

Paa la msimamizi: matundu kumi na moja, yote ya mkono wangu. Nimeziba. Mvua imenyesha. Halivuji, na safari hii nilikaa chini yake saa nzima nikihakikisha.

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu ameongea nami. Ameuliza rimoti iko wapi.

Jumatatu, 19 Mei

Wameondoka, na nyaya zao. Mwongozaji alinionyesha kwanza kipande changu kwenye kioo kidogo. Ni mgongo tu, lakini mgongo ule! Unakimbia kama nyumba inaungua.

"Kuna tatizo moja," akasema. "Wewe ulikuwa unakimbia kutoka nyumbani. Baba wa filamu anakimbia kurudi. Tumeigeuza picha, kulia imekuwa kushoto."

"Kwa hiyo nimerudi nyumbani?"

"Kwenye filamu, ndiyo."

Hakimu akatikisa kichwa. "Kiatu kimehamia mguu mwingine," akasema. Dada Usiguse akaangalia daftari lake, akashtuka, akapauka. Wakakumbatiana kwa uchungu kama wanataaluma.

Kabla hajapanda gari, Dada Usiguse aliizungusha mishale ya saa yetu mpaka saa sahihi, akaniambia, "Sasa gusa."

Ijumaa, 23 Mei

Jua. Nimepanda juu ya paa langu mwenyewe, na mke wangu ameshika ngazi. Matokeo ya mtihani bado miezi miwili. Meza iko mahali pake, tayari amepanga vitabu vingine, anasema kusoma hakumalizwi na mtihani.

"Nikuulize," akasema kutoka chini. "Ukweli mtupu. Walipita tu barabarani?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Suti yako ya harusi ilikuwa na matope mwezi wa pili mzima. Nilidhani una mwanamke."

Nikapigilia msumari ambao ulikuwa umeshaingia. Nikapigilia tena.

"Na ukaninyamazia?"

"Nilikuwa na mtihani, baba. Mambo yako nikayaweka foleni. Haya, zamu yako."

Nikamwambia. Aliposikia hadi mwisho alicheka mpaka ngazi ikatikisika, kisha akaacha kucheka, akasema, "Ungeniambia tu," akaishika ngazi vizuri zaidi.

Na kwa kuwa wajukuu mtasoma, nanyi mjue. Hawakupita. Sina bahati yoyote. Nilikwenda ofisini kwao mara tano, nimevaa suti ya harusi, nikawasihi waichukue nyumba yangu bure, kwa sababu mke wangu alikuwa anakuwa mtu mkubwa na mimi niliogopa kubaki mdogo. Nyumba yenye simba ndiyo waliyoitaka. Mwenyewe aliwakatalia, alisema mke wake anasoma.